Nani Mwenye Kauli? Uchambuzi wa Habari wa Kila Siku Redioni na Msamiati wa Ukanda wa Dhahabu

Ikisiri

Makala hii inahakiki vipindi vya redio vya Tanzania vinavyochambua siasa, habari na burudani kila siku, kwa kuvitazama kama matini za Kiswahili zenye fani na maudhui. Mjadala umejengwa juu ya matukio ya madini katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba wingi wa sauti redioni haujaongeza uwazi wa mwenye kauli, na kwamba uteuzi wa msamiati na wa kauli za kitenzi huamua mambo ambayo mjadala wenyewe ulipaswa kuyaamua.

1. Utangulizi

Kitenzi chambua kina maisha mawili. Katika kata ya Songwa, wilayani Kishapu, mkulima huchambua pamba: hutenga safi na fifi kabla ya kuipeleka kwenye mizani. Kiwandani nako pamba huchambuliwa ili nyuzi ziachane na mbegu. Katika matumizi yote mawili, kazi huhesabiwa kuwa imekamilika pale vitu vilivyokuwa pamoja vinapokuwa vimetengana. Redioni, mtu anayezungumzia habari za siku huitwa mchambuzi, na kazi yake huitwa uchambuzi. Swali la makala hii ni la kiuhakiki na linatokana na neno lenyewe: je, baada ya kipindi kwisha, ni kitu gani kimetenganishwa na kingine?

Swali hili lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, zimekuwa majina ya kitaifa. Mambo yanayoamuliwa kuhusu migodi hii husikika kwanza redioni, mara nyingi kutoka studio zilizoko mbali na migodi. Anayeishi jirani na mgodi husikia maisha yake yakipewa majina na watu wengine, kisha hutakiwa kuyatumia majina hayo anapohojiwa.

2. Kutoka sauti moja hadi sauti nyingi

Kabla ya utangazaji kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, msikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alikuwa na Mazungumzo baada ya Habari. Fani yake ilikuwa ya hotuba fupi: msemaji mmoja, matini iliyoandikwa, msimamo mmoja. Leo kuna mezani watu watatu au wanne. Power Breakfast na Jahazi za Clouds FM, Tuongee Asubuhi ya Star TV yenye makao Mwanza, pamoja na vipindi vya asubuhi vya vituo vya mikoani kama Radio Faraja ya Shinyanga na Storm FM ya Geita, vina sura ya baraza: kusoma vichwa vya magazeti, utani, mgeni wa kuhojiwa, simu na ujumbe wa wasikilizaji. Waziri na mwanamuziki hukalia kiti kile kile kwa siku tofauti, na pengine kwa asubuhi moja.

Erving Goffman, katika kazi yake ya mwaka 1981 kuhusu mazungumzo, alionyesha kwamba neno "mzungumzaji" linaficha dhima tatu: anayetoa sauti, anayechagua maneno, na yule ambaye msimamo ni wake. Tuwaite msemaji, mtunzi na mwenye kauli. Katika Mazungumzo baada ya Habari, msemaji na mtunzi waliweza kuwa watu tofauti, lakini mwenye kauli alijulikana: ilikuwa dola. Msikilizaji aliyekubali na aliyekataa wote walijua wanakubaliana au wanapingana na nani.

Katika kipindi cha leo, mtangazaji husoma kichwa cha gazeti na kuongeza, "Magazeti yanasema." Sauti ni yake, maneno ni ya mhariri wa gazeti, nao msimamo umeachwa hewani. Mwenzake hucheka, kicheko nacho ni maoni, ila hakina mtu wa kukijibia. Simlilii utangazaji wa sauti moja, ambao ulinyima mawazo mengine nafasi. Ninachodai ni kwamba kuongeza wasemaji si sawa na kuongeza wenye kauli. Mfano wa kupima jambo hili ni Masoud Kipanya, mchora katuni ambaye pia amekuwa mtangazaji wa Power Breakfast. Katuni yake gazetini ina jina lake pembeni. Neno linalopita kati ya watu wanne mezani halina sahihi.

3. Makinikia na magwangala

Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga wenye madini kwenda nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha taarifa yake Mei 24, na ile ya Profesa Nehemiah Osoro Juni 12. Kwa majuma kadhaa neno makinikia lilitawala vipindi vya uchambuzi nchi nzima.

Vitu viwili vinastahili kuangaliwa. Kwanza, neno hili lilitumika bega kwa bega na mchanga, kana kwamba ni visawe. Sivyo. Mchanga ni kitu cha asili ambacho kila mtu amekishika. Anayesema "wanasafirisha mchanga wetu" anajenga picha ya nchi inayochotwa kwa koleo. Makinikia ni zao la kiwandani: mwamba uliokwisha kusagwa na kupunguzwa hadi ukabaki na shaba, dhahabu na fedha kwa kiwango kikubwa zaidi. Ubishi kati ya serikali na kampuni ya Acacia ulihusu, pamoja na mambo mengine, kiasi cha dhahabu kilichokuwamo ndani ya makontena. Kwa hiyo aliyechagua mchanga na aliyechagua makinikia walikuwa wameshaelekeza hukumu kabla ya tarakimu kusomwa. Hapo ndipo mchambuzi alitakiwa kutenga, na badala yake maneno yakabadilishana zamu kwa sababu ya ladha ya lugha tu.

Pili, umbo la neno. Kiswahili kina kitenzi makinika, yaani kutulia na kuzingatia, na kauli yake ya kutendea ni makinikia. Vyovyote iwavyo historia ya nomino hiyo, sikio lililozoea lugha husikia ndani yake agizo la kukaza fikra. Neno likapata uzito wa kitaalamu ambao uliwafanya wengi walitamke bila kuuliza maana yake.

Linganisha na magwangala. Hili ni neno la Geita, la mawe mabaki yanayotolewa na mgodi mkubwa ambayo wachimbaji wadogo huyatafutia dhahabu iliyosalia. Lilipanda kutoka mtaani hadi jukwaani: mwaka 2016 Rais John Magufuli alilitumia alipoagiza vijana wa Geita wapewe magwangala. Makinikia yalishuka kutoka kwenye kamati hadi mtaani. Magwangala yalipanda kutoka mtaani hadi Ikulu. Lakini tabia ya studio kwa maneno haya haikuwa sawa. Magwangala, kama duara, mwalo, karasha na marudio, hutajwa redioni kwa maelezo na mara nyingine kwa tabasamu, kama msamiati wa watu wa huko. Makinikia yalitajwa kama Kiswahili cha kila mtu. Neno linaloelezwa na neno lisiloelezwa hufichua msikilizaji anayekusudiwa, na anayekusudiwa hapa si mwenye karasha wa Nyarugusu.

Uchambuzi uliotenga kweli wakati ule ulitoka kwenye utani wa mitaani. Acacia ilipodaiwa kodi ya takriban dola bilioni 190, watu waligawanya deni kwa idadi ya wananchi na kutangaza kwamba kila mmoja angenunua gari aina ya Noah. Mzaha huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Uliichukua tarakimu isiyoshikika ukaileta kwenye kipimo cha mtu mmoja, na papo hapo ukaitilia shaka. Oktoba 2017 yalipotangazwa malipo ya dola milioni 300 kutoka Barrick, msikilizaji aliyekuwa na Noah akilini alikuwa na kipimo cha kulinganishia.

4. Kauli ya kutendeka

Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui, jirani na Songwa, ulivunjika na tope likafunika mashamba na makazi. Kiswahili kina njia kadhaa za kusema jambo la namna hii. Bwawa limebomoka ni kauli ya kutendeka: tukio lipo, mtenda hayupo, hata nafasi yake katika sentensi haipo. Bwawa limebomolewa ni kauli ya kutendwa: mtenda hajatajwa, lakini nafasi yake iko wazi na msikilizaji anaweza kuuliza, "Na nani?" Kuna pia muundo wa tatu, uliozoeleka katika ajali za machimboni: wachimbaji wamefukiwa na kifusi. Hapa mtenda ametajwa, naye ni kifusi.

Kauli ya kutendeka si uongo. Katika saa ya kwanza mwandishi hajui chanzo, na sarufi inamruhusu kukiri hivyo. Tatizo huanza siku ya pili, pale mchambuzi anaporithi sentensi ya taarifa ya habari na kuiendeleza kama ilivyo. Uchambuzi ulipaswa kuibadilisha kauli: nani alilijenga bwawa, nani alilikagua, nani alionywa? Akibaki na limebomoka, maswali yatakayomfuata mgeni yatakuwa yale anayoulizwa mwanamuziki aliyefiwa au aliyeshinda tuzo: unajisikiaje, na una lipi la kuwaambia Watanzania? Ni maswali ya hisia na salamu, na mjibuji hawezi kuyatolea ushahidi.

Itasemwa kwamba mtangazaji ana sababu za kujihadhari. Ni kweli. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ina adhabu, na kauli ya kutendeka ni mwavuli. Hata hivyo, sheria haimzuii kuuliza kwa kauli ya kutendwa. Swali "lilikaguliwa na nani?" halimshtaki mtu yeyote.

5. Mhojiwa asiye mtunzi

Suala la mwisho ni lugha ya anayehojiwa. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Mzee wa Songwa anayefikiri kwa Kisukuma huhojiwa kwa Kiswahili, kisha maneno yake hufupishwa na mwandishi. Mwishowe hana sauti wala maneno. Amebakizwa kama mwenye kauli wa sentensi ambazo hakuzitunga. Waziri, kinyume chake, huachiwa dhima zote tatu pamoja na cheo chake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama mshitakiwa hupewa siku za kujitetea kwa maneno yake mwenyewe mbele ya baraza lililo tayari kumhukumu. Mhojiwa wetu hapewi hata hizo.

Utamaduni wa ukanda huu una kielelezo kingine. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, kila manju huimba kwa jina lake, humtaja mpinzani wake, na watazamaji huamua kwa miguu kwa kuhamia upande uliowashinda wengine kwa hoja na ufundi. Redioni, swichi ya simu iko mkononi mwa mtangazaji.

6. Hitimisho

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuvipita vipindi hivi kwa kuwa hupotea hewani. Ndivyo vinavyofundisha Kiswahili cha siasa kwa watu wengi kuliko riwaya yoyote, na vinafaa kurekodiwa, kuhifadhiwa na kusomwa vyuoni kwa vigezo vitatu vilivyotumika hapa: kauli ni ya nani, neno linaelezwa kwa ajili ya nani, na kitenzi kimeacha nafasi ya mtenda au kimeifuta. Kwa wakazi wanaozunguka bwawa la tope, kigezo cha tatu si suala la sarufi peke yake. Fidia hudaiwa kwa mtu aliyetajwa.