Deni la Kuku

Hekaya ya kuku aliyepoteza wembe wa mwewe husimuliwa mahali pengi Afrika Mashariki: kuku huchakura akiutafuta, mwewe hujilipa kwa vifaranga. Sisi twaona msimulizi amempendelea mdai. Kitete yetu imo Tabora, mji wa misafara ya karne ya 19, ambayo mara nyingi iliondoka pwani na bidhaa za mali kauli. Hapa deni lafahamika upesi. Lakini wembe mmoja walipwa kwa vizazi vingapi? Tena hekaya yanyamaza juu ya kanu, mwizi wa usiku, ambaye hakumwazima mtu wembe. Wala haimtaji kuku atandazaye mbawa na kumrukia mwewe uani, jambo walionalo wanafunzi wetu nyumbani kwao.