Nafsi ya Msemaji Katika Vitabu vya Elimu vya Kiswahili

Husemwa mara kwa mara, na pengine husemwa na watu ambao wangepaswa kujua zaidi, kwamba Kiswahili ni lugha ya hadithi, mashairi na magazeti, lakini bado hakijafikia kuwa lugha ya vitabu vya elimu. Yaani vitabu vinavyochambua jamii, siasa, falsafa na afya ya binadamu. Sababu inayotolewa ni upungufu wa istilahi. Hoja hiyo imekwisha kuchakaa. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha kwa Kiswahili tangu ilipoanzishwa mwaka 1970; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi za sayansi na za isimu mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Istilahi zipo, na zile zisizokuwepo zaweza kuundwa kama zilivyoundwa hizo. Tatizo ninalotaka kulieleza katika makala haya ni jingine, nalo halitibiwi kwa kamusi. Ni swali la nafsi: katika kitabu cha elimu cha Kiswahili, ni nani anayesema, na anasema na nani?

Nitaanza na kitabu ambacho wengi wetu tunakitaja kuliko tunavyokisoma. Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Jina lililowekwa juu yake ni la Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam. Lakini mwandishi wa sehemu iliyo kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyesoma elimu ya dini, akachukuliwa kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliishi na kufa ugenini. Mwaka 1905 alijaribu kurudi kwao pamoja na mke wake Mjerumani, na wakuu wa koloni wakamkatalia kushuka pwani. Alifariki Ujerumani mwaka 1927.

Kitabu chenyewe kwa desturi huwekwa katika rafu ya mila, pamoja na vitabu vya vitendawili na methali. Huko ndiko kukidharau. Msomaji akikifungua ataona kwamba kinaanza na uzazi na malezi, kinapita katika chuo, jando na ndoa, kinaeleza maradhi na uganga wa pepo, kinaeleza heshima na ada za majumbe, utumwa, kilimo, safari za bara, mpaka mauti na mambo ya sheria. Jamii, siasa na afya zimo humo pamoja, wala hazikutengwa katika vyumba mbalimbali kama tulivyozoea kuzitenga sisi. Mtoro haelezi ugonjwa bila kueleza gharama zake, wala ndoa bila kueleza deni. Ni kazi ya mtaalamu aliyekuwa na mpango kichwani mwake.

Sasa tutazame jinsi anavyosema. Kitenzi cha kitabu hiki ni kitenzi cha hu-. Watu hufanya hivi, mwari hufundishwa vile, mganga huitwa, ngoma hupigwa. Kila aliyesoma sarufi ajua kwamba hu- ni kiambishi cha mazoea. Jambo tusilolitilia maanani ni kwamba kiambishi hicho humeza nafsi na wakati kwa pamoja. Nimeenda, umeenda, wameenda: hapo twajua nani na twajua lini. Lakini huenda haina mimi wala wewe, wala jana wala leo. Kwa mtaalamu anayetaka kueleza kanuni za jamii, hiki ni chombo cha thamani kubwa. Lugha nyingi zingehitaji maneno matatu au manne kusema linalosemwa hapa kwa silabi moja. Mtoro alikitumia kwa ustadi ambao sijauona kwa mwandishi mwingine wa nathari ya zama zake.

Hata hivyo chombo hicho kina hatari yake, na hatari hiyo yaonekana wazi zaidi katika habari za utumwa. Mtoro anatofautisha watumwa kwa kina: mzalia, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, na mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara, kazi za huyu na heshima za yule. Taarifa hizo hazina mfano, nami namshukuru kwa kuziandika. Lakini nikisema, kwa mfano wangu mwenyewe, kwamba mtumwa huamka mapema akaenda shambani, nimemwondoa mtumwa katika sentensi wakati ule ule ninapomtaja. Nimeeleza mazoea, sikumweleza mtu. Hakuna anayeulizwa kama alitaka kuamka. Na tukumbuke kwamba kitabu kilipochapishwa watumwa bado walikuwapo Bagamoyo; sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika haikutolewa mpaka mwaka 1922. Palikuwa na watu hai ambao wangeweza kusema nilifanya, nilikataa, nilitoroka. Kitenzi cha hu- hakikuwa na mahali pa kuwaweka.

Simlaumu Mtoro kwa kutokuwa mtu wa zama zetu. Nawalaumu zaidi waandishi wa baada yake, ambao walirithi hu- bila kurithi udadisi wake, hata leo vitabu vingi vya utamaduni wa makabila yetu vinaeleza kwamba mwanamke humheshimu mumewe na vijana huwatii wazee, kana kwamba hapajatokea mwanamke wala kijana aliyewahi kubisha.

Katika vitabu vya afya twakuta kitenzi cha namna nyingine, yaani cha kuamrisha. Chemsha maji, chimba choo, nawa mikono, funika chakula. Hapa pia nafsi imepotea, ila kwa njia nyingine: anayeamrisha hajitaji, na anayeamrishwa hajibu. Nakubali kwamba mambo ya afya yana haraka yake, na mama mwenye mtoto anayeharisha hana haja ya insha. Lakini elimu ya afya si maagizo tu. Mtu anayejua kwa nini maji huchemshwa ataweza kufanya uamuzi siku ambayo kuni hazipo. Aliyeambiwa chemsha tu, siku hiyo hana la kufanya.

Ndiyo maana kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 yastahili kukumbukwa katika historia ya maandishi yetu, wala si katika historia ya vyoo peke yake. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, mara moja kwa juma kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakazungumza na kukata shauri la kutenda. Malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu vilijadiliwa chini ya miembe na watu ambao wengine wao walikuwa wametoka kujifunza kusoma mwaka uliotangulia. Mama yangu mkubwa alikuwa katika kikundi kimoja cha pwani. Alikuwa akisimulia kwamba kitabu kilisema wachimbe, wakachimba, lakini mchanga wa kwao haukubali shimo. Kila walipofika kiunoni kuta zilimomonyoka. Walibishana majuma mawili. Mzee mmoja akasema waache, kwa kuwa kitabu kimeandikwa na watu wa bara. Mwingine akasema wajengee shimo kwa magogo ya mnazi kama wafanyavyo katika visima. Wakafanya hivyo. Mama mkubwa hakukumbuka hata sentensi moja ya kijitabu, lakini mabishano yale aliyakumbuka neno kwa neno hata uzeeni.

Nataka niseme wazi ninachokiona hapa, kwa sababu ndicho kiini cha makala haya. Kitabu kilitoa amri, mchanga ukakataa, na elimu ikazaliwa katika mabishano. Lakini mabishano hayo hayakurudi kitabuni. Laiti toleo la pili lingeandikwa likiwa na maswali ya mchanga na majibu ya minazi, tungekuwa na kitabu cha elimu kwa maana yake kamili: kitabu ambacho msomaji ameweza kukisahihisha.

Neno hilo, kusahihisha, lanifikisha kwenye maandishi ya tatu. Mwaka 1962, baada ya kujiuzulu uwaziri mkuu mwezi Januari ili kukiimarisha chama, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kidogo kwa Kiswahili, Tujisahihishe. Mimi nakihesabu miongoni mwa maandishi bora ya falsafa ya siasa tuliyo nayo, ingawa ni kifupi. Jina lenyewe ni somo la sarufi. Linaanza na tu-, na mwandishi yumo. Lafuatiwa na ji-, na anayehukumiwa ni yule yule anayehukumu. Lakwisha na -e, ambayo ni rai, si amri. Humo ndani mwandishi anawakemea wanachama kwa ubinafsi, kwa woga wa kusema kweli, na kwa tabia ya kulipima neno kwa kumtazama aliyelisema badala ya kulitazama neno lenyewe. Hilo la mwisho ndilo sharti la kwanza la usomi wowote, na hapa linaelezwa kwa Kiswahili chepesi ambacho hakikuomba msaada wa istilahi yoyote.

Lakini tu- nayo yahitaji kuulizwa. Sisi ni nani? Mwaka 1962 sisi walikuwa wanachama wa TANU. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na sisi ya chama ikawa sisi ya taifa zima. Asiyekuwamo hakuwa na kiambishi cha kusimamia mpaka mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992. Na katika mwaka ule ule wa 1973, miezi michache baada ya vikundi vya Mtu ni Afya kumaliza mazungumzo yao, ilitangazwa mwezi Novemba kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Njia kutoka tujisahihishe hadi hameni ilikuwa ya miaka kumi na mmoja. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyowahamisha watu. Nasema kwamba tungekuwa na vitabu vingi zaidi vya Kiswahili vilivyozoea kujibiwa, badiliko lile la kitenzi lingesikika masikioni mwa watu mapema.

Kwa nini havikuwapo? Mabishano makali juu ya jamii na siasa yalikuwapo, na yalikuwa hapa hapa Dar es Salaam. Kitabu cha Walter Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972, na cha Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini kikafuata mwaka 1976. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Wasomi walibishana kwa Kiingereza, na wananchi wakaelezwa kwa Kiswahili. Tume ya Makwetta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari, pendekezo hilo halikutekelezwa, na mgawanyo huo ukaendelea kuzaliwa upya katika kila darasa.

Nirudi kwa Mtoro. Mwaka 1981 kitabu chake kilitolewa California, Marekani, kikiwa kimetafsiriwa na kuhaririwa na J. W. T. Allen. Katika jina la toleo hilo, kwa haki, Mtoro bin Mwinyi Bakari ametajwa kuwa mwenye kitabu. Yaani mwandishi wa Kiswahili alirudishiwa nafsi yake baada ya miaka 78, naye akarudishiwa kwa Kiingereza. Baada ya jina lake yamewekwa maneno yenye maana ya "na Waswahili wengine". Hao wengine ni wale waliomchangia habari. Jaladani hawakutajwa kwa majina.