Mwenyeji wa Kambi: Kitabu cha Roosevelt Kisomwapo Onduparaka

Neno kambi hufundishwa upesi mno katika madarasa yetu. Mwalimu hulitaja pamoja na hema na safari, mwanafunzi hulinakili, na somo huendelea. Huko Onduparaka, kiungani mwa Arua, haraka hiyo haifai. Yamkini katika dawati moja waketi mtoto ambaye wazazi wake walikimbia Sudan Kusini wakapokewa kambini, na mtoto ambaye ukoo wake ndio uliotoa ardhi ili wageni hao wapate pa kukaa. Kwa hiyo kuuliza nani mgeni na nani mwenyeji wa kambi si kuuliza msamiati tu. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa kukisoma kitabu kimoja mashuhuri ambacho sehemu yake ilipatikana katika nchi hiyo hiyo ya West Nile: African Game Trails cha Theodore Roosevelt, kilichochapwa mwaka 1910.

Roosevelt alitoka katika urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na mwezi uliofuata akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwanzoni mwa 1910 msafara wao uliingia mashuani katika Ziwa Albert, ukafuata Mto Nile, ukatua ukingo wa magharibi katika nchi ya Lado. Mahali hapo pakaitwa Rhino Camp, yaani Kambi ya Kifaru, na jina hilo halikufutika. Walichokitafuta kilikuwa kifaru mweupe. Baba na mwana waliwaua tisa. Wa jamii ile leo wamesalia majike wawili tu, Najin na Fatu, walioko Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho lilikufa Machi 2018.

Kwa upande wa ufundi, hapana budi kumpa mwandishi haki yake. Anaijua kambi. Joto la ukingo wa mto, matete, moto wa nyasi, kazi ya kutengeneza ngozi za wanyama: yote ameyaona, wala hayakopi kwa wengine. Tena si bahili wa majina kama waandishi wengi wa vitabu vya aina hii. Tunamjua Ali aliyetunza hema, Bakari aliyechukua bunduki, na Kassitura, Msoga aliyejiunga na msafara Uganda. Kasoro iko kwingine. Watumishi wa kambi wana majina, ilhali wenye nchi hawana. Msomaji afikapo mwisho wa habari za Lado hamjui hata mzee mmoja wa Kimadi, wa Kilugbara au wa Kialur ambaye ardhi yake ilichimbiwa vigingi.

Huenda mtu akasema kwamba hapakuwa na wa kuombwa. Kwa hakika, kwa mujibu wa karatasi za Ulaya, Lado ilikuwa ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa muda wa maisha yake, naye alikufa Desemba 1909. Kambi, basi, ilipigwa katika nchi ambayo mmiliki wake wa karatasini alikwisha zikwa. Mwaka huo huo wa 1910 nchi ikapewa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda. Lakini wenyewe hasa walikuwapo muda wote huo, wakilima na kuvua. Kitabu hakikuwaona kuwa wenyeji.

Sasa na tukiweke kando ya Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Humo Selemani bin Mwenye Chande asimulia safari yake kutoka pwani hadi ng'ambo ya Tanganyika. Msafara wake hautui bila maneno. Mwenye nchi hudai hongo (neno ambalo leo tumeliachia rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ada ya njia na ya kutua), wasafiri hulalamika kuwa ni nyingi, majibu huja, na mara nyingine mambo hugeuka ugomvi wa silaha. Selemani si mtakatifu. Dharau ya mtu wa pwani kwa mtu wa bara imo katika maneno yake, na mwalimu asiifiche. Hata hivyo mwenyeji anasema, tena anasema mwenyewe. Kwa jambo hili mfanyabiashara wa Kiswahili amempita rais wa Marekani.

Kuna mzaha fulani wa historia hapa. Huko Marekani leo wapo watu, wengi wao wastaafu, walioacha nyumba zao wakaishi mwaka mzima katika magari ya kulala, wakihama kambi hata kambi katika misitu na hifadhi za umma. Baadhi yao hupewa kazi ya uenyeji wa kambi: hupokea wageni, hueleza kanuni, husafisha, na kwa malipo hupata nafasi ya kuegesha gari lao bure. Msimu ukiisha, mwenyeji huyo naye huondoka. Kiswahili kingesita kidogo kumpa jina hilo, maana kwetu mwenyeji ni mwenye mji. Lakini kazi yake tunaielewa vema. Wahenga waliosema ago halinyewi walijua kuwa mahali pa kutua pana wenyewe, na kwamba msafiri hurudi.

Watu wa West Nile wenyewe walirudi wakiwa wamejua pande zote mbili. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, makundi kwa makundi yalivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire ya wakati ule. Barbara Harrell-Bond, katika Imposing Aid (1986), aliwachunguza waliokimbilia upande wa Yei, akatuonyesha jinsi wengi walivyokaa miongoni mwa wenyeji, nje ya makazi yaliyopangwa na mashirika. Kisha vita vya Sudan Kusini, tangu 2013 na zaidi 2016, viligeuza njia. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, yaliyoanzishwa 1980, yakapokea maelfu. Serikali huyaita makazi, si kambi, kwa kuwa mkimbizi hupewa kipande cha ardhi. Lakini neno kambi limo katika jina lenyewe.

Mtaala wa sekondari wa Uganda wa 2020 umekiweka Kiswahili katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya mwanzo. Yafaa mwalimu wa Arua au Koboko achukue habari ya kutua kwa Roosevelt, aisimulie kwa Kiswahili, kisha awaagize wanafunzi waandike mazungumzo yaliyokosekana, kwa mtindo wa Selemani: mkuu wa msafara upande mmoja, mwenye nchi upande wa pili. Na mwenye nchi apewe zamu ya kwanza.