Beti 23,500 kwa siku moja: Ihara Saikaku na hesabu ya ushairi

Mwaka 1684, katika hekalu la Sumiyoshi, Osaka, nchini Japani, mshairi Ihara Saikaku alitunga beti 23,500 katika muda wa mchana mmoja na usiku mmoja. Waandishi waliowekwa kando yake ili wanukuu maneno yake walishindwa. Wakabaki kuchora mstari mmoja wa wino kwa kila ubeti uliotoka kinywani, kama karani wa ghala anavyohesabu magunia yanayopita mlangoni. Katika kazi yote ile umehifadhiwa ubeti mmoja tu, ule wa kufungulia. Nyingine zote zipo kwa idadi, hazipo kwa maneno.

Tukio hili hutajwa katika historia ya fasihi ya Kijapani kama kioja, kisha huachwa upesi ili msomaji afikishwe kwenye hadithi zilizompatia Saikaku jina. Hata hivyo, swali linalotokana nalo si la mzaha kwa yeyote anayeshughulika na fasihi simulizi. Je, utungo uliohesabiwa bila kunukuliwa waweza kuhakikiwa? Na ikiwa waweza, mhakiki ashike nini, maana maneno hayapo?

Yafaa kwanza kueleza utanzu wenyewe. Haikai ya zama hizo ilikuwa utungo wa mnyororo. Ubeti wa kwanza una mizani 17, zilizogawanyika 5, 7 na 5. Wa pili una mizani 14, yaani 7 na 7. Wa tatu unarudia 17, na hivyo hivyo mpaka zitimie beti 100, ambazo ndizo mfululizo mmoja kamili. Kila ubeti hushikamana na ule ulioutangulia, lakini hautakiwi kurudia fikra ya ule wa nyuma yake zaidi, ili utungo uendelee mbele bila kuzunguka mahali pamoja. Kuna mahali panapotakiwa mwezi utajwe, na mahali pa maua. Majira ya mwaka nayo yana kanuni zake. Kwa desturi washairi kadhaa huketi pamoja wakipokezana. Atungaye peke yake hujipokeza mwenyewe, na kwa hiyo hana mwenzake wa kumngoja wala wa kumkosoa.

Hesabu ya mizani haitampa shida msomaji wa mashairi ya Kiswahili. Kijapani huhesabu mapigo ya sauti: n inayosimama bila irabu ni pigo zima, na irabu ndefu ni mapigo mawili. Ndivyo Kiswahili nacho kinavyoipa m ya «mtu» mizani yake kamili ijapokuwa haina irabu. Tofauti kubwa ni kwamba haikai haina vina. Kiungo chake kimo katika fikra, katika neno linaloita neno jingine, katika dokezo la hadithi ya kale au la jambo la sokoni. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu kina husikika papo hapo, na msikilizaji yeyote aweza kukikagua. Kiungo cha fikra huhitaji kupimwa.

Saikaku alizaliwa mwaka 1642 katika tabaka la wafanyabiashara wa Osaka. Katika ushairi alifuata chuo cha Danrin, kilichoongozwa na Nishiyama Sōin. Chuo hicho kilichoshwa na adabu nyingi za chuo cha zamani cha Matsunaga Teitoku wa Kyoto, kikaruhusu lugha ya mtaani, mzaha, na miruko mikubwa kutoka ubeti hadi ubeti. Wapinzani walimwita Saikaku Mholanzi, maana Waholanzi ndio Wazungu pekee waliokuwa wakiruhusiwa kufanya biashara nchini, huko Nagasaki, na kila kilichokuwa kigeni na cha ajabu kilihusishwa nao. Yeye hakuchukia, alilipokea jina hilo kwa fahari.

Siku yake ya kwanza ya namna hii haikuwa mashindano. Mwaka 1675 alifiwa na mke aliyekuwa bado kijana. Siku chache baadaye alitunga peke yake beti 1,000 kwa siku moja, zikachapishwa pamoja na beti za rambirambi za washairi wengine. Ikiwa kazi ilichukua saa 12, kila ubeti ulipewa sekunde 43 hivi. Hiyo ni kasi ya mtu anayejua anachofanya, wala si ya mtu anayekimbizwa. Na hapa siku moja ina sababu ndani ya kazi yenyewe: matanga yana muda wake, na anayeomboleza hapewi mwezi mzima wa kuchagua maneno. Msomaji wa Kongo atakumbuka kasala ya Waluba, iliyochunguzwa na Clémentine Faïk-Nzuji katika kitabu kilichotoka Lubumbashi mwaka 1974. Katika msiba, mtoa kasala hutunga palepale, akiegemea hazina ya majina ya sifa na mafungu ya maneno aliyorithi. Wingi wa maneno unaposikika mbele ya maiti hakuna anayeuita majigambo. Wingi ule ni sehemu ya heshima.

Mambo yalibadilika mwaka 1677. Mwaka huo Saikaku alitunga beti 1,600 mbele ya watu, mjini Osaka, na mara hii kipimo kilitoka nje ya ushairi. Huko Kyoto palikuwa na mashindano ya wapiga upinde kwenye baraza ya hekalu la Sanjūsangendō, yenye urefu wa kama mita 120. Mpiga upinde aliketi upande mmoja akafyatua mishale mchana kutwa na usiku kucha, na ushindi ulikuwa wa mwenye mishale mingi zaidi iliyofika mwisho wa baraza bila kugusa paa, nguzo wala sakafu. Saikaku aliazima jina na utaratibu wa mashindano hayo. Kama ilivyokuwa kwa mishale, rekodi ilialika washindani: wengine wawili walimpita upesi, mmoja wao akikaribia beti 3,000. Saikaku akajibu mwaka 1680 kwa beti 4,000, zilizochapishwa mwaka uliofuata. Miaka minne baadaye zikaja zile 23,500, na baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena kumfikia. Inafahamika pia kuwa Takarai Kikaku, mwanafunzi wa Matsuo Bashō, alihudhuria siku ile ya Sumiyoshi. Yaani hata upande wa wale walioutaka utulivu ulituma macho yake.

Hesabu ndogo yaweza kusema yale ambayo maandishi hayasemi. Beti 1,600 kwa saa 24 ni ubeti mmoja kila sekunde 54. Beti 4,000 ni ubeti kila sekunde 22 hivi. Beti 23,500 ni ubeti mmoja kwa muda usiofika sekunde 4. Wastani wa ubeti ni mizani 15 na nusu. Kwa hiyo siku ile ilitoa mizani 364,250, zaidi kidogo ya 4 kwa kila sekunde, bila kutenga muda wa kula, kunywa au kuvuta pumzi. Mjapani anayezungumza kwa kawaida hutamka mapigo 7 au 8 kwa sekunde. Basi jambo hili laweza kutendeka kwa kinywa. Ugumu wake uko kichwani. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya waimbaji wa tenzi wa Yugoslavia ya wakati huo, alikadiria kwamba mwimbaji hodari hutunga mistari 10 hadi 20 kwa dakika, kila mstari ukiwa na silabi 10. Aliye mwepesi kuliko wote kati yao hutoa silabi 200 kwa dakika. Saikaku anadaiwa kutoa 253, tena mfululizo kwa siku nzima. Ukitaka kipimo cha nyumbani, mizani zile zingetosha beti 11,000 na zaidi za utenzi wa mistari minne yenye mizani 8 kila mmoja. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000 kidogo.

Waimbaji wa Lord waliweza kwa sababu walikuwa na mafungu ya maneno yaliyokwisha kupimwa, na kwa sababu hadithi iliwavuta mbele. Mwenye haikai ananyimwa misaada yote miwili. Hadithi hana, maana kanuni inamkataza kuendelea na fikra ile ile. Na fungu la maneno likirudi mara kwa mara linauvunja mnyororo badala ya kuushika. Kwa kasi ya ubeti kwa sekunde 4, mojawapo ya mambo mawili lilitukia: ama kanuni zililegezwa hata kiungo kikabaki mguso wa neno kwa neno, ama akili iliyozoezwa kwa miaka mingi iliruka kwa namna ambayo hakuna uchambuzi wa maandishi unaoweza kuifuata. Wanaompenda Saikaku huchagua jibu la pili. Lakini la kwanza lina uzito zaidi, na ushahidi umo katika mashindano yale yale aliyoyaiga.

Mwaka 1686, miaka miwili baada ya Sumiyoshi, mpiga upinde Wasa Daihachirō aliweka rekodi ya Sanjūsangendō. Alifyatua mishale 13,053, na iliyofika ni 8,133. Namba hizi mbili zilihifadhiwa pamoja, na hapo ndipo mfano wa Saikaku unapopasuka. Mpiga upinde ana mishale iliyokosa, zaidi ya theluthi moja, na kila aliyekuwapo aliiona ikigonga nguzo. Mshairi wa Sumiyoshi hana ubeti hata mmoja uliokosa. Karani mwenye kuchora mistari hakuwa na muda wa kusikiliza kama ubeti umeshikana na wa kabla yake, kama mwezi umetajwa mahali pake, au kama fikra ya nyuma imerudiwa. Alihesabu vilivyofyatuliwa, na hesabu ikatangazwa kana kwamba ni ya vilivyofika. Katika mashairi ya vina, wasikilizaji wenyewe wangekuwa waamuzi. Katika haikai hapakuwa na masikio yanayoweza kuamua kwa kasi ile.

Huu si udanganyifu, wala hakuna sababu ya kumtuhumu Saikaku. Ni utanzu uliotolewa nje ya masharti yanayoufanya uwepo. Kwamba maandishi yalipotea si hoja yenyewe, kwani fasihi simulizi imejaa kazi kubwa ambazo hazikuandikwa siku zilipotolewa. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga mashariki mwa Kongo, Candi Rureke alitoa utenzi wa Mwindo kwa siku 12, akisimulia, akiimba na kucheza, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakinukuu kwa mkono. Kama kalamu zisingalikuwapo, utendaji wa Rureke ungalikuwa kamili vile vile, kwa kuwa mbele yake walikaa watu walioijua hadithi, waliojibu nyimbo na ambao wangalisikia kosa. Sumiyoshi kalamu zilikuwapo, na watazamaji pia. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea.

Beti 4,000 za mwaka 1680 zinastahili kusomwa kwa jicho jingine, na ni hasara kwamba kivuli cha 23,500 kimezifunika. Humo mna Osaka ya wachuuzi, wadeni, watu wa michezo ya kuigiza na nyumba za anasa, vitu ambavyo ushairi wa mahakama ya mfalme haukuwa na nafasi navyo. Kasi ya sekunde 22 inamlazimisha mtungaji kuchukua kilicho karibu, na kilichokuwa karibu na Saikaku kilikuwa mji wake. Baadhi ya viungo ni hafifu, na msomaji mvumilivu ataviona. Lakini jicho linaloruka kutoka duka hadi duka bila kukaa popote limekwisha kupatikana.

Jicho hilo ndilo lililoandika nathari. Mwaka 1682, kati ya mashindano hayo mawili makubwa, Saikaku alitoa hadithi ya mwanamume wa anasa, Kōshoku ichidai otoko, katika sura 54, moja kwa kila mwaka wa maisha ya mhusika tangu miaka 7 hadi 60. Sura hushikana kama beti za haikai: kidogo hubaki, kingi huachwa. Walioikosoa kwa kukosa msuko walitafuta humo kitu ambacho mwandishi hakuwa amejifunza kukifanya. Baada ya 1684 nguvu zake zilikwenda zaidi katika nathari, na wasomi hueleza mara nyingi kwamba alikuwa amefika kikomo cha rekodi. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwa kuwa hadithi hiyo ilitangulia Sumiyoshi kwa miaka miwili. Inaelekea zaidi kwamba siku ile kubwa ilikuwa ya kuaga.

Mwaka 1692, mmoja kabla ya kufa kwake, alitoa Seken mune san'yō, hadithi 20 ambazo zote zimefungwa ndani ya siku moja, siku ya mwisho ya mwaka, ambapo wadai walizunguka kukusanya madeni na wadeni wakajificha, wakajifanya wagonjwa, au wakabuni ugomvi nyumbani ili mdai aone haya kuingia. Wahusika huhesabu tangu asubuhi hadi usiku wa manane, kila mmoja kwa namna yake, na Saikaku anawasikiliza bila haraka yoyote. Anayetaka kujua mnyororo wa haikai unaweza kufanya nini ndani ya siku moja aanzie hapo, kisha arudi nyuma kwenye beti 4,000 na zile 1,000 za msiba.