Bergtatt: Sauti Tamu Yenye Hatari

Mwaka 1995, kundi la Ulver la mjini Oslo lilitoa albamu yake ya kwanza, Bergtatt, hadithi moja iliyogawanywa katika sura tano. Wakati huo blaki metali ya Norwei, muziki wa magitaa makali, ngoma za kasi na ukelele wa kukwaruza koo, ilivuma zaidi kwa uchomaji wa makanisa na mauaji ya mwaka 1993 kuliko kwa fani yake. Ulver waliingia kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa ngano.

Maudhui yametoka katika masimulizi ya kale ya nchi hiyo. Binti anapotea msituni, jua linatua, mazimwi ya mlimani yanamwita, naye anamezwa na jabali. Jina lenyewe la albamu lina maana ya aliyetwaliwa na mlima. Mashairi yameandikwa kwa tahajia ya Kidenishi kilichoandikwa Norwei zamani. Uteuzi huo si pambo, kwani lugha iliyozeeka huipa ngano umri wake na kumwondoa msikilizaji katika jiji la leo.

Ubora wa kazi hii umo katika mgawanyo wa sauti. Kristoffer Rygg anaimba kwa sauti tulivu zilizopandishwa tabaka juu ya tabaka, kisha anageukia ukelele. Filimbi inatangulia sura ya pili. Katika ya tatu magitaa yananyamaza, zikasikika nyayo za mtu akimbiaye msituni, na piano. Mtu angetarajia hatari ije na kelele. Lakini sura ya nne, ambamo binti anaitwa, haina ukelele hata mmoja, bali gitaa kavu na uimbaji wa chini. Kelele ilimtisha, utamu ndio uliomchukua. Hapo fani na maudhui vimekuwa kitu kimoja.

Dosari ipo. Penye ukelele maneno humezwa, na hadithi humbakia mwenye matini mkononi. Kwa mpenzi wa ushairi, neno lisilosikika ni hasara.

Njia hii Ulver hawakuirudia. Kveldssanger ya mwaka 1996 ilishika utulivu, Nattens Madrigal ya mwaka 1997 ikashika ukali, kisha kundi likauacha mtindo huo. Katika Bergtatt, kwa dakika zipatazo 35, viwili hivyo viliishi nyumba moja.