Mwenye Kuitikia

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kwamba habari ya wahubiri wa simu twaianzia mbali, huko Mbulu, mkoa wa Manyara. Lakini huko kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani twalijua vyema, ila hatulitazami.

Wairaqw wa Mbulu na Hanang wana dua yao ya jadi iitwayo slufay. Mzee mwenye ulimi huisema mbele ya watu, akaomba mvua, watoto, mifugo na amani, na kila akitua wenziwe humwitikia kwa pamoja. Imani iliyomo si yetu. Twaitazama kama kazi ya maneno, na kwa upande huo ni kazi bora. Utamu wake haumo kinywani mwa mzee peke yake. Nusu imo vifuani mwa waitikiaji. Wakinyamaza, hana pa kukanyaga. Tena wamjua: walijua shamba lake, na ng'ombe anaodaiwa. Haiba yake hupimwa kila siku, kisimani na mnadani.

Sasa itazame simu iliyo mkononi mwako. Mhubiri asema, maelfu wabonyeza alama ya kupenda, nawe wajiona umo katika jamaa kubwa. Picha imekatwa ikaachwa pale alipolia. Pale alipokosea imeondolewa. "Amin" zaandikwa safu kwa safu. Muulizaji wa swali gumu hufutwa, na anayenyamaza haonekani kabisa. Kasoro ya fani hii ndiyo hiyo: itikio limebaki, lakini kimya cha msikilizaji hakina tena nguvu.

Hatusemi simu ni haramu, la hasha. Mama wa Lamu asiyeweza kutoka husikiliza darsa jikoni, huku akikuna nazi. Hiyo ni neema, na mwenye kuibeza ana kiburi.

Lakini Shakahola si mbali na Malindi. Paul Mackenzie alieneza mahubiri yake kwa televisheni na YouTube, na wako waliosikia wakiwa mbali, wakauza mali zao wakamfuata msituni. Kuanzia Aprili 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400. Yeye aliyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Sisi twauliza juu ya wale wasikilizaji: kila mmoja peke yake na kioo chake, jirani gani angemwambia, "Ngoja kwanza, hapa sivyo"?

Turudi Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang, likaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Salamu na dua zilimiminika simuni kutoka kila pembe, Mola azitakabali. Tope lenyewe lilichimbwa na waliofika na sepetu. Nasi twajua kwamba kumwosha maiti, kumkafini na kumsalia ni faradhi kifaya, na huwaangukia kwanza waliopo.