Valvu ya dampu kwenye dizeli: dawa bila ugonjwa

Simama mizani ya Mariakani au ya Vigwaza kwa dakika kumi tu, utaisikia. Lori linasimama, dereva anafunga breki ya kuegeshea, na upepo unatoka kwa kishindo: psssh! Wapita njia wengi hudhani ni turbo inapumua. Sivyo. Ni breki za upepo, zikimwaga hewa iliyokuwa ikizishikilia springi. Turbo ya lori hilo haitoi mlio huo, na tangu Volvo ilipotoa lori lake la Titan Turbo mwaka 1954, malori ya dizeli yamevuka mabara bila ya kuuhitaji.

Naanzia hapa kwa sababu swali halikauki gerejini. Kijana ana Hilux au Prado ya dizeli. Amesikia Subaru ya jirani ikipiga psss kila inapobadili gia, naye anataka. Anauliza: nifunge valvu ya dampu? Jibu langu ni hapana, na sababu yake haimo ndani ya turbo. Imo katika namna kila injini inavyoambiwa ipunguze nguvu.

Tuanze na petroli. Kwenye mdomo wa kuingizia hewa kuna kipepeo, kisahani cha chuma kinachozunguka kwenye mhimili wake. Ukikanyaga mafuta kinafunguka, ukiachia kinafunga. Sasa chukua Subaru ya turbo iliyo mbioni. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kusukuma upepo kuelekea kwenye silinda. Dereva anaachia mafuta abadili gia, na kipepeo kinafunga ghafla. Turbo haijui. Bado inazunguka, bado inasukuma, lakini mlango umefungwa. Upepo unagonga kipepeo, unarudi kinyumenyume na kuyapiga mapanga yaleyale yaliyousukuma. Mapanga yanapoteza kasi na beringi zinapokea kipigo. Ukilirudia hilo kila gia, kila siku, turbo inazeeka kabla ya wakati wake.

Valvu ya dampu ni mlango wa dharura wa upepo huo. Ina springi na mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi, upande wa pili wa kipepeo. Kipepeo kikifunga, pistoni zinaendelea kunyonya na upande huo unabaki na mvuto mkali. Mvuto huo ndio unaoinua valvu, upepo unapata njia, na turbo inaendelea kuzunguka bila kupigwa. Kiwandani, Subaru za turbo hutoka na valvu inayorudisha upepo kwenye paipu ya kuingilia, kimyakimya. Psss ya mtaani hupatikana baada ya mtu kuibadilisha ili iteme nje.

Dizeli ni habari nyingine. Kawaida yake haidhibiti nguvu kwa kipepeo. Hewa inaingia muda wote, na kinachopimwa ni mafuta yanayorushwa na nozeli. Ukiachia pedali, nozeli zinanyamaza, lakini njia ya hewa iko wazi na pistoni zinaendelea kumeza. Wakati huohuo gesi ya ekzosi inapungua joto na nguvu, kwa hiyo turbo yenyewe inaanza kushuka kasi. Hakuna mlango uliofungwa, kwa hiyo hakuna upepo wa kurudi kupiga mapanga.

Usichukue neno langu tupu, tupige hesabu. Injini ya 1KD iliyo kwenye Prado na Hilux nyingi ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, karibu lita tatu. Kwa kuwa ni ya mipigo minne, humeza ujazo huo mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, inameza takriban lita 4,470 kwa dakika, sawa na lita 75 kwa sekunde. Tuseme paipu na intakula, kile kipoza-upepo cha turbo, kwa pamoja zinabeba lita kumi. Injini inaweza kupitisha ujazo huo wote ndani ya sehemu ya saba ya sekunde. Hata mizunguko ikishuka hadi 1,500, ni kama robo ya sekunde. Mguu wako hautakuwa umefika chini kwenye klachi. Injini yenyewe ndiyo valvu ya dampu, tena yenye mdomo mpana kuliko yoyote utakayonunua dukani.

Ushahidi mwingine uko kwenye breki. Gari la petroli kwa desturi huazima mvuto wa manifoldi kumsaidia dereva kukanyaga breki. Dizeli haina mvuto wa kuazima, ndiyo maana imefungwa pampu yake ya kuvuta hewa. Kwenye dizeli nyingi za zamani za Toyota utaiona imeshikizwa nyuma ya alteneta. Ukosefu huohuo wa mvuto unaiua valvu ya petroli ukiihamishia kwenye dizeli. Inapokea shinikizo lilelile chini na juu, springi inaibana, nayo inakaa kimya kama kifuniko cha soda. Anayeifunga hushangaa kwa nini hailii. Haina cha kuifungua.

Wafanyabiashara wanalijua hilo, ndiyo sababu vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya dizeli huja na umeme. Waya unachukuliwa kwenye sensa ya pedali, au swichi ndogo inafungwa chini yake. Ukiachia mafuta, valvu ya umeme inaamuru ile kubwa ifunguke. Tazama vizuri kinachofanyika: hakuna shinikizo lililoomba kutoka. Valvu inashindana na silinda kuuwahi upepo ambao ungemezwa bila madhara, ili tu ulie. Umelipia honi, ila inapulizwa na turbo.

Honi hiyo ina gharama zake. Paipu ya upepo ya dizeli iliyoshindiliwa na turbo hubeba shinikizo la baa moja au zaidi juu ya hewa ya kawaida, na kuifunga valvu ni kukata paipu hiyo na kuongeza maungio. Ungio likilegea, au valvu ikichelewa kufunga unapokanyaga tena, upepo unavuja. Sensa ya hewa iliyo karibu na chujio imekwisha kuuhesabu upepo uliovuja, kompyuta inaruhusu mafuta yanayolingana nao, na silinda inapata mafuta mengi kuliko hewa. Matokeo unayajua: moshi mweusi, gari zito mlimani, joto la ekzosi linapanda, na kwenye magari mapya chujio la masizi linajaa mapema. Kwenye barabara ya vumbi kuna la ziada: valvu inayobaki wazi injini ikiunguruma taratibu inaweza kuingiza hewa ambayo haijapita kwenye chujio.

Mtu makini atanipinga: mbona dizeli za siku hizi zina kipepeo? Ni kweli, nyingi zinacho. Kazi yake ni kusaidia moshi wa EGR, yaani gesi ya ekzosi inayorudishwa kwenye injini, uingie, kupandisha joto la ekzosi wakati wa kuchoma masizi, na kuzima injini bila kutikisika. Kompyuta ndiyo inayokiamuru, na hakijaunganishwa na mguu wako kama cha petroli.

Kuna hali moja ambayo naikubali. Dizeli iliyofungwa turbo kubwa kupita kiasi kwa ajili ya mashindano inaweza kukoroma ukiachia mafuta ghafla, kwa sababu gurudumu zito la turbo linaendelea kusukuma wakati injini imeshuka mizunguko na inameza kidogo. Hapo valvu ina hoja. Lakini gari la kupeleka watoto shule na saruji saiti haliko kwenye kundi hilo.

Angalizo moja kabla hujaagiza kifaa: usichanganye valvu hii na ile inayopitisha gesi ya ekzosi pembeni ili turbo isizidishe shinikizo. Hiyo inakaa upande wa moto, na turbo nyingi za dizeli huwa nayo, au huwa na mabawa yanayojirekebisha yanayofanya kazi hiyo. Wanaozichanganya ndio hukwambia kwamba dizeli bila dampu itapasua turbo.

Pesa ya valvu ipeleke kwenye oili safi, chujio la hewa, na klipu mpya za mipira ya turbo. Na ukisikia dizeli ndogo inapiga psss, isiyo na breki za upepo, jua ni mawili: kuna mpira umepasuka, au kuna mtu amelipa ili upepo uvuje.